Pamba na kompyuta zisomwe darasa moja

MSIMU wa pamba unapofunguliwa Kanda ya Ziwa, swali la kwanza sokoni huwa moja tu: bei ya mwaka huu shilingi ngapi? Kuanzia Kishapu na Kahama mkoani Shinyanga hadi Mbogwe na Chato mkoani Geita, mkulima, karani wa chama cha msingi na mwenye kinu wote husikilizia tangazo hilo. Ni swali la haki. Lakini kwa mkulima mwenye ekari tatu, hilo siyo swali kubwa kuliko yote.

Hesabu ni hii. Wakulima wengi wa kanda hii huvuna kilo 200 hadi 300 za pamba mbegu kwa ekari. Kinuni, kila kilo tatu hutoa takriban kilo moja ya pamba nyuzi, na nyuzi hiyo ndiyo inayouzwa nje kwa dola. Bei yake hufuata soko la New York na tathmini zinazotolewa Liverpool, ambako hakuna anayeuliza kama mvua imenyesha Kishapu. Sasa, bei ikipanda kwa asilimia 10, mkulima anayevuna kilo 250 kwa ekari amepata sawa na mwenzake aliyeongeza kilo 25 tu shambani. Bei hawezi kuiamuru. Kilo 25 anaweza kuzipata, iwapo atapewa ushauri unaofaa kwa shamba lake.

Hapo ndipo vyuo vikuu vinapoingia katika habari za soko.

Chukua suala la nafasi ya kupandia. Kwa miaka mingi mkulima alielekezwa sentimita 90 kwa 40, kisha ikaja nafasi mpya ya sentimita 60 kwa 30. Katika ekari moja, nafasi ya kwanza huingiza mashimo takriban 11,000, na ya pili takriban 22,000. Mashimo yameongezeka mara mbili, na pamoja nayo mbegu, jembe la palizi na siku za kazi. Je, mavuno nayo yataongezeka mara mbili? Kwenye udongo wenye rutuba na mvua za kutosha upande wa Geita, jibu laweza kuwa moja. Kwenye mbuga za Shinyanga ambako mvua hukatika Februari, laweza kuwa jingine kabisa. Aliyesomea sayansi ya mazao analijua swali. Kulijibu kijiji kwa kijiji kunahitaji rekodi za mvua, udongo, mbegu na mavuno kutoka mashamba mamia, zikapangwa na kulinganishwa. Kazi hiyo haifanyiki kwa daftari na kalamu.

Kulikoni basi masomo haya mawili yafundishwe kama watu wasiojuana? Mwanafunzi wa sayansi ya mazao akipewa kozi ya utangulizi wa kompyuta inayoishia kwenye kuchapa barua na kupamba jedwali, atafaulu mtihani na kuisahau. Naye mwanafunzi wa kompyuta akifundishwa kupanga orodha ya majina ya kubuni, hatajua kamwe kwamba nchini mwake ziko takwimu za pamba zinazomsubiri. Utangulizi wa kompyuta kwa bwana shamba mtarajiwa ungefaa uanze na swali la mashimo 11,000 na 22,000. Aandike programu ndogo ya kupima gharama na faida, aijaribu kwa takwimu za kweli, kisha aende shambani akaone imekosea wapi.

Takwimu hizo zina nyumba. Kituo cha Ukiriguru, jirani na Mwanza, kimefanya utafiti wa pamba tangu miaka ya 1930. Herufi mbili za mwanzo katika jina la mbegu ya UK91 zinatokana na kituo hicho. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro tangu 1984, lakini Morogoro ni karibu kilomita 800 kutoka Shinyanga. Kizumbi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina tawi lake. Chuo cha kilimo, kituo cha utafiti na tawi la ushirika vikikubaliana juu ya muhula mmoja wa mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi atakuwa na mbegu, mizani na soko mbele yake.

Wapo watakaosema kompyuta ni anasa kwa mkoa wa jembe la mkono. Hoja hiyo si ngeni. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na wataalamu waliofuata wakalazimika kukimbizana na wenzao wa nchi nyingine. Na dhahabu haikusubiri. Mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, kompyuta zilikuwa zikichora mwamba kabla baruti haijawashwa. Hakuna mwekezaji anayechimba kwa kubahatisha. Mkulima peke yake ndiye anayeambiwa apande abahatishe.

Matokeo yake yanaonekana katika soko la ajira. Kijana mwenye kichwa cha hesabu huitazama migodi, na asiye na cheti hushuka katika maduara ya wachimbaji wadogo. Hawalaumiki, kwani dhahabu hulipa haraka. Lakini dhahabu huisha. Buzwagi, wilayani Kahama, ilianza uzalishaji 2009 na ilipofika 2021 uchimbaji ulikuwa umekoma. Ni miaka 12 tu, wala kwa mfumo wa elimu wa wakati huo haikutosha mtoto kuanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha sita.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, kampuni za madini hutakiwa kupanga kila mwaka pamoja na halmashauri namna ya kuchangia jamii. Madarasa, zahanati na visima ni mambo mema. Hata hivyo, halmashauri za Geita na Kahama zingefanya biashara nzuri kama sehemu ya fedha hizo ingesomesha vijana wachache kila mwaka katika sayansi ya mazao yenye kompyuta ndani yake, kwa sharti la kurudi kuhudumia vyama vya msingi vya kwao.

Ununuzi wa msimu ujao utakapofunguliwa, bei itatangazwa kama kawaida, na wengi watalalamika. Mkulima atakayekuwa na kilo 350 kwa ekari mahali pa 250 atalalamika pia, lakini atakuwa amebeba magunia mengi zaidi kwenda kwenye mizani.