Disiki haijafa, imebadilisha jina

Leo nina malalamiko: mafundi wetu wanapenda sana kufomati.

Wiki jana mama mmoja mwenye duka la kuchapisha mtaani kwetu alinipigia simu. Stima zilikuwa zimepotea, zikarudi, na tarakilishi yake ya Linux ikagoma kuwaka hadi mwisho. Skrini nyeusi, maneno ya kutisha. Fundi alishamwambia disiki yake ya USB imekufa, tena mfumo wote ufomatiwe. "Kijana wangu," akaniuliza, "madeni ya wateja wangu yameenda?"

Nilipofika nilipiga amri ya lsusb. Disiki ipo! Kisha lsblk -f ikanionyesha kisa chote: mteja alikuwa amesahau flashi kwenye mashine, nayo ikachukua jina la sdb. Disiki ikawa sdc. Faili ya /etc/fstab bado ilitafuta /dev/sdb1, ikakuta flashi yenye mfumo tofauti wa faili, mashine ikakwama. Na aliyeandika mstari huo ni nani? Mimi mwenyewe, nilipomwekea Linux.

Linux haiahidi majina hayo. Huyagawa kadiri vifaa vinavyojitokeza. UUID ndiyo hubaki ile ile mpaka ufomati. Nikaandika upya:

UUID=namba-ya-disiki /hifadhi ext4 defaults,nofail 0 2

Neno nofail huiambia mashine iendelee kuwaka hata disiki isipokuwepo. Lakini tahadhari: siku hiyo nakala zako zitaandikwa kimyakimya ndani ya disiki ya mashine yenyewe. Hakikisha kwanza kwa findmnt /hifadhi.

Na lsusb isipoonyesha kitu? Badilisha kebo, jaribu mlango mwingine, kisha soma dmesg. Mlango wa USB 2.0 huahidi miliampia 500 tu, na kuna disiki zinazohitaji zaidi zinapoanza kuzunguka.

Maoni yangu ni haya: kufomati si kutengeneza. Fundi anayefomati kabla ya kusoma ujumbe wa kosa anacheza kamari kwa mali ya mtu mwingine.

Mama alipata madeni yake yote. Akauliza anilipe ngapi. Nikamwambia hakuna deni. Kosa lilikuwa langu.

Wewe je, umewahi kufomatiwa bure?