Kwenda Unguja bila kuomba radhi

Kitivoni kwetu kuna imani moja ambayo hakuna mwalimu anayeifundisha, lakini kila mwanafunzi anaijua: kwamba Kiswahili chenyewe kiko Zanzibar, na hiki chetu cha Lubumbashi ni makombo yaliyodondoka njiani. Sisi wenyewe tunakiita kile cha wenzetu "Kiswahili bora", bila kujiuliza chetu basi tukiiteje. Ndiyo maana anayepata nafasi ya kwenda huko huondoka kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Mimi nimekwenda, peke yangu, likizo ya mwezi wa saba, na ninaandika kuwaomba wenzangu wasiende hivyo.

Njia nitaipita haraka: Kasumbalesa, Zambia nzima kwa basi, mpaka wa Nakonde na Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam, halafu boti ya saa mbili hivi. Anayetoka kwenye baridi na vumbi jekundu la kwetu hupigwa kwanza na hewa. Ni nzito, ina chumvi, nguo uliyofua jioni asubuhi bado ni mbichi. Kuta za Mji Mkongwe, milango ya nakshi, vichochoro ambamo watu wawili wenye vikapu hawapishani bila kusalimiana, hayo mmeyaona kwenye picha. Picha hazina sauti. Sikuwa nimejiandaa kusikia lugha ya mitihani yetu ikitumika kupigia kelele daladala na kugombeza kuku. Siku ya kwanza mtoto wa miaka kama minne alimwambia mama yake, "Si mimi niliyeyamwaga!" Nikasimama. Ile "niliye-" ilitugharimu wiki nzima ubaoni, na kwetu mtoto angesema tu "haiko mie".

Hapo ndipo wengi wetu tungeinamisha kichwa. Lakini subirini.

Vijana wanaowaandama watalii, ambao wenyeji huwaita mapapasi, walinianza kwa Kiingereza. Nilipojibu kwa Kiswahili mmoja akashangaa: "Kumbe Wakongomani mnaongea Kiswahili, dada? Mimi nilijua Kilingala tu." Akataka nimwimbie. Hakuwa na ubaya wowote. Huko tunajulikana kwa magitaa. Ningekuwa na wenzangu watatu tungecheka, tungerudi kwenye Kifaransa chetu, na mambo yangeishia hapo. Ukiwa peke yako huna pa kujificha. Na kwa msichana kuna nyongeza: kila mtu anauliza umekuja na nani, na mume yuko wapi. Swali linachosha, sitasema uongo. Ila linakulazimisha kueleza ukoo, mji na masomo yako mara kumi kwa siku, na zoezi la mdomo la namna hiyo sijalikuta darasani.

Jambo lililonigeuza lilitokea sokoni Darajani. Nilimuuliza mama mmoja muuza mboga kama ana sombe. "Sombe ndiyo nini, mwanangu?" Nikamwonyesha. "Aa, kisamvu! Na huu mchicha mnauitaje?" Lengalenga, nikasema. Alilirudia neno mara tatu, akamwita jirani yake alisikie, na tangu siku hiyo kila nilipopita aliniita Lengalenga. Hakunisahihisha. Alichukua neno kama mtu anavyopokea zawadi, akaniachia lake. Waliobaki wakinisahihisha kwa sauti ya upole walikuwa watu waliosoma sana, yaani watu kama sisi.

Sasa tuangalie hayo makosa tunayoyaonea haya. Tunasema mutu, mutoto, mukubwa, na tunaambiwa ni lafudhi ya porini. Lakini mu- ndiyo sura ya zamani ya kiambishi hicho, Kiluba na Kibemba wanayo mpaka leo. Ni pwani iliyoimeza ile u. Tunasema biro, na tunaambiwa tumeharibu lugha kwa Kifaransa. Meza ni ya Wareno, chapati ni ya Wahindi, baiskeli ni ya Waingereza, na hakuna anayeziomba pasipoti.

Na huo usanifu wenyewe una tarehe. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ikaanza kazi ya kukisimamia kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Zote zilikuwa chini ya Waingereza. Sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji, hatukuwamo mezani. Hata kisiwani kwenyewe si wote waliokuwamo: nenda kusini, Makunduchi, usikilize wazee wakizungumza wao kwa wao. Kile si Kiswahili cha kitabu, na mtoto wa huko naye anakikuta sanifu shuleni.

Sisemi tufanye mitihani kwa Kiswahili cha soko la Kenya (komini yetu, si nchi). Sanifu ina kazi yake, na nimerudi nikiipenda zaidi, hasa salamu zake ambazo hazina haraka. Ninachokataa ni ile radhi tunayoiomba kabla ya kufungua mdomo.

Kuna sababu nzito kuliko viambishi. Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa hadi 1873, leo kuna kanisa kuu la Kianglikana, na nje yake, shimoni, sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Watalii wanapiga picha na kuondoka. Mkongomani hawezi kuondoka upesi namna hiyo, kwa sababu misafara ya pembe na watumwa ilifika hadi Manyema, na ni kwa njia hiyohiyo Kiswahili kilitufikia. Shangani kuna nyumba ya Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, na aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Ni kati ya vitabu vya mwanzo vya aina hiyo katika lugha yetu, na sehemu kubwa yake inatokea kwetu, Kasongo na kandokando ya Lualaba. Mimi sijawahi kukisikia kikitajwa darasani. Kisomwe, na kisomwe na watu wa Maniema wakiwemo, maana wao wana upande wa hadithi ambao mwandishi hakuuandika.

Lugha hii tulilipia bei. Aliyelipa haingii kwa mlango wa nyuma.

Dar es Salaam, Kariakoo, kuna msikiti unaoitwa wa Manyema. Nilipita mbele yake siku ya kurudi, begi mgongoni, nikitafuta basi. Anayefuata aanzie hapo, kabla ya boti. Na abebe sweta: Mbeya usiku ni baridi kuliko kwetu.