Likizo ya Mji na Pwani Huko Australia: Cheo Huachwa Mchangani

Wahenga walisema, "Mshika mawili moja humponyoka." Methali hii ingefaa kubandikwa mlangoni mwa kila nyumba ambamo baba na mama wameketi na kalamu na karatasi, wakipanga likizo ya kwenda Australia. Kosa la kwanza la wasafiri wengi waendao huko ni kutaka kuona yote. Huandika Sydney, wakaandika Melbourne, wakaongeza matumbawe ya kaskazini, na jiwe kubwa jekundu la Uluru lililo katikati ya nchi kavu, na Perth iliyo magharibi. Na yote hayo kwa siku kumi. Watu wa namna hiyo hurudi nyumbani wamechoka kuliko walivyoondoka, na sehemu kubwa ya wanayoyakumbuka ni viti vya viwanja vya ndege.

Yafaa ieleweke kwamba Australia ni bara zima. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo milioni 7.7, na watu wake ni kama milioni 27 tu, walio wengi wakikaa mijini karibu na bahari. Kutoka Sydney hadi Perth ndege huruka kwa muda wa saa tano hivi. Kutoka Sydney hadi Cairns, mji wa kuendea matumbawe, ni kama saa tatu. Kwa hiyo jamaa yenye siku kumi, na ambayo nia yake ni kupumzika, ichague mji mmoja wenye bahari ubavuni mwake, ikae hapo. Sydney unatimiza sharti hilo. Mtu aweza kunywa chai ya asubuhi katikati ya mji, na kabla ya saa sita mchana akawa amekwisha kutandika kanga yake mchangani.

Askari na polisi huelewa jambo hili kwa shida kidogo, maana wamezoea ratiba. Lakini likizo si gwaride. Siku isiyoandikwa kitu ndiyo siku ya likizo hasa.

MAJIRA NA MIZIGO

Majira ya Australia ni kinyume cha yale ya Ulaya. Joto ni Desemba hadi Februari, na baridi ni Juni hadi Agosti. Wakati wa Krismasi na Januari shule zimefungwa, fuko zimejaa watu, na vyumba vya hoteli hupanda bei. Mwenye kutaka utulivu aende Machi au Novemba. Mwezi Machi maji ya bahari ya Sydney bado yana joto la kiangazi, na watoto wa wenyeji wamerudi darasani. Atakayekwenda Julai achukue koti zito, wala asitazamie kukaa majini kwa muda mrefu.

Viza hutafutwa mapema, kabla ya kulipa nauli. Tena kuna sheria moja ya mpakani ambayo huwakuta wageni wengi bila kujua. Nchi hiyo hulinda kwa ukali mashamba na wanyama wake dhidi ya magonjwa na wadudu wa kutoka ng'ambo. Kila mgeni hujaza fomu na kueleza kama amebeba chakula, mbegu, asali, nyama, samaki mkavu au vitu vya mti. Mama aliyewafungia watu wake karanga za kula njiani hana kosa, maadamu amezitaja. Afisa atazitazama, kisha ataamua zipite au zitupwe. Atakayezificha atatozwa faini kubwa, na likizo itaanza kwa aibu.

Saa za Sydney ziko mbele ya zile za Afrika Mashariki kwa saa saba, na katika kiangazi chao kwa saa nane. Mwili hauwezi kudanganywa katika jambo hili. Siku ya kwanza isipangiwe safari yoyote. Wasafiri waoge, watembee kidogo juani, wajikaze wasilale hadi jioni, kisha wapumzike. Siku ya pili watakuwa watu tena.

SIKU ZA MJINI

Jambo jema katika mji wa Sydney ni kwamba mengi yaliyo mazuri hayana kiingilio. Daraja la chuma la bandarini, lililofunguliwa mwaka 1932, lina njia ya waendao kwa miguu, na yeyote aweza kulivuka bure. Kutoka juu yake huonekana Jumba la Opera na mapaa yake meupe yaliyo kama matanga. Mchoro wake ulitolewa na Jørn Utzon, msanifu kutoka Denmark, aliyeshinda mashindano mwaka 1957. Alijiuzulu mwaka 1966 baada ya kutoelewana na serikali ya jimbo, akaondoka, wala hakurudi kuliona jumba lake lililofunguliwa mwaka 1973. Kando yake pana bustani kubwa ya miti iliyoanzishwa mwaka 1816, ambamo jamaa yaweza kukaa kutwa nzima na kikapu cha chakula.

Kwa watu wa jeshi, katika bustani ya Hyde Park lipo jengo la kumbukumbu ya askari wa Anzac, lililofunguliwa mwaka 1934. Na bandari yenyewe ina habari yake ya vita. Usiku wa tarehe 31 Mei 1942 nyambizi tatu ndogo za Kijapani ziliingia humo kwa siri. Kombora moja liliizamisha Kuttabul, meli iliyotumiwa kama bweni la mabaharia, nao mabaharia 21 wakafa. Meli hiyo kabla ya vita ilikuwa feri ya kuvusha raia katika bandari hiyohiyo. Mgeni apandaye feri leo hupita juu ya maji yaleyale.

Feri ndiyo safari iliyo bora kwa jamaa yenye watoto. Ile iendayo Manly huchukua kama nusu saa. Hupita mbele ya Jumba la Opera, ikakaribia mlango wa bandari ambapo mawimbi ya bahari kuu huanza kuitikisa kidogo, watoto wakapiga kelele za furaha, na mara wamefika. Nauli hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine, kila mtu na kadi yake, na kadi maalumu ya watoto yapatikana kwa nauli ya chini. Yatosha kupanga siku tatu za mjini, siku nne za Manly au Bondi, na zilizobaki ziachwe wazi.

SIKU ZA BAHARINI

Hapa ndipo mpangaji wa likizo anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote, kwani hoteli mbaya hupoteza fedha tu, lakini bahari huchukua mtu.

Ufuko wa Bondi una urefu wa kilomita moja hivi, na mchanga wake ni mzuri sana. Upande wa kusini wa ufuko huo kuna mkondo wenye nguvu ambao wenyeji wameupa jina la utani, "Treni ya Wabeba Mikoba", kwa sababu wageni vijana hushuka basi, hukimbilia maji yaliyo karibu nao, nao mkondo huwachukua kama treni na kuwapeleka nje.

Namna mkondo huo unavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Mawimbi husukuma maji mengi hadi ufukoni. Maji hayo hayana budi kurudi, nayo hutafuta mfereji uliochimbika chini ya mchanga, yakatoka kwa nguvu kama mto. Penye mfereji huo kina ni kirefu, na mawimbi hayavunjiki sana. Kwa hiyo mgeni akitazama huona povu jeupe huku na huku, na katikati mahali patulivu penye rangi ya giza. Huona kwamba hapo ndipo pa kumwogeshea mtoto. Kumbe hapo ndipo pa hatari. Aliyejifunza kuogelea ziwani au mtoni hawezi kuyajua haya kwa macho tu, na miongoni mwa wanaokufa maji nchini Australia kila mwaka si wachache waliozaliwa nchi nyingine.

Kwa ajili hiyo waokoaji wa baharini husimika bendera mbili zenye rangi nyekundu na njano. Kati ya bendera hizo ndipo pa kuogelea. Bahari ikibadilika, bendera huhamishwa, na waogaji huhama nazo. Pasipo na bendera, hapaogelewi. Bendera nyekundu tupu maana yake ni kwamba ufuko umefungwa.

Walio wengi katika waokoaji hao ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara: walimu, makarani, wanafunzi. Chama cha waokoaji cha Bondi kilianza mwaka 1907. Kila mmoja hufunzwa na kupewa mtihani kabla ya kuruhusiwa kushika zamu, na tangu mwaka 1980 wanawake nao hushika zamu sawa na wanaume. Thamani ya kazi yao ilionekana tarehe 6 Februari 1938. Siku hiyo maelfu ya watu walikuwa Bondi, ghafula mawimbi makubwa yakafuatana, na maji yaliyokuwa yakirudi yakawakokota mamia ya waogaji. Kwa bahati waokoaji wengi walikuwa wamekusanyika pale. Waliingia majini kwa kamba na mbao, na wengine kwa mikono mitupu, wakawatoa watu wapatao 250. Watano walikufa. Wenyeji huiita siku hiyo Jumapili Nyeusi.

Basi mwanajeshi au polisi aliye likizoni ataweza kukuta kwamba anayempigia filimbi na kumwambia arudi kati ya bendera ni msichana wa miaka 16 mwenye kofia nyekundu na njano. Huenda yeye ni sajini, au meja, na nyumbani watu humpigia saluti. Arudi mara moja bila maneno. Cheo huachwa mchangani pamoja na viatu.

Anayedhani kwamba bahari huheshimu cheo na asome habari ya Harold Holt, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia tangu Januari 1966. Alikuwa mpenzi mkubwa wa kuogelea na kupiga mbizi, na ufuko wa Cheviot, uliokuwa wakati huo katika eneo la jeshi jimboni Victoria, aliujua vizuri. Tarehe 17 Desemba 1967 aliingia majini hapo, ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Rafiki zake walimwona akichukuliwa, kisha hawakumwona tena. Polisi, askari na wapiga mbizi wa jeshi la maji walimtafuta kwa siku nyingi, pamoja na helikopta, na mwili wake haukupatikana hadi leo. Ikiwa bahari haikumwogopa Waziri Mkuu katika nchi yake mwenyewe, itamwogopa nani?

Aliyenaswa na mkondo ayakumbuke mambo matatu. Kwanza, asishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu, maana wanaofanya hivyo huchoka, na uchovu ndio unaoua. Pili, alale juu ya maji, ainue mkono mmoja na kuita. Mkondo humpeleka mtu nje, haumvuti chini. Tatu, akiwa na nguvu, aogelee kwa ubavu sambamba na ufuko mpaka penye mawimbi yanayovunjika, nayo mawimbi yatamsaidia kurudi. Aliye ufukoni akiona mwenzake amezidiwa awaite waokoaji au apige simu namba 000, wala asiruke majini bila kitu cha kuelea. Mara nyingi anayekwenda kuokoa ndiye afaye.

Mwenye watoto wadogo ana njia iliyo salama zaidi. Kando ya bahari ya Sydney yamo mabwawa yaliyojengwa kwenye miamba, ambayo maji ya bahari huingia na kutoka bila mkondo. Lile la Bronte, mwendo mfupi kutoka Bondi, halina kiingilio. Hata hapo mzazi akae umbali wa kumfikia mtoto kwa mkono, wala mtoto mkubwa asiachiwe kazi ya kumlinda mdogo. Na aliyekunywa bia asiingie majini siku hiyo.

Jua nalo lina sheria yake. Australia ni miongoni mwa nchi zenye saratani ya ngozi nyingi kuliko zote duniani. Mwenye ngozi nyeusi ana kinga zaidi, lakini macho yake na maji ya mwili wake havina kinga hiyo. Kofia, shati, mafuta ya kujikinga na jua, na chupa ya maji ya kunywa viwemo kikapuni. Na kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri jamaa ikae kivulini, ile, ilale.

Hivyo ndivyo likizo inavyopaswa kuwa: mji mmoja, bahari moja, mambo machache yaliyofanywa polepole, na usikivu kwa wenyeji wanaoyajua maji yao. Jioni feri ikirudi kutoka Manly, watoto wamelala juu ya magoti ya mama, baba ana mchanga masikioni, na taa za mji zimeanza kuwaka. Wote waliokwenda wamerudi. Wahenga walikwisha kusema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.