Kompyuta za watengenezaji wa programu zisifungwe

Kompyuta mpya zinapofika katika ofisi na vyuo vyetu, Unguja na Pemba, shughuli ya kuzipokea huchukua asubuhi moja. Maboksi hufunguliwa, orodha hutiwa saini, namba ya mali ya Serikali huandikwa ubavuni, na kila mashine huwekwa mezani ikiwa na programu ya kuandikia barua na ya kupigia hesabu. Kisha nywila ya msimamizi hukabidhiwa mtu mmoja. Kwa karani mpango huo unatosha. Lakini kijana aliyeajiriwa kutengeneza programu anakuwa kama seremala aliyepewa banda zuri, huku msumeno na randa vimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amesafiri.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo la mafundi. Sivyo hata kidogo. Programu za kutoka ng'ambo hununuliwa kwa fedha za kigeni, na nyingi hulipiwa tena kila mwaka. Nazo hazitujui. Zinataka jina la kwanza na jina la ukoo, ilhali mtu wa visiwani ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Basi karani humkata mtu jina ili aenee katika kisanduku. Wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana wakikutana katika daftari la namna hiyo, kosa la kisanduku laweza kugeuka kosa la dawa. Wa kulirekebisha ni vijana wetu wenyewe, mradi wawe na mashine iliyotayarishwa kwa kazi hiyo.

Nchi hii imekwisha kulipa karo ya somo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Baadaye mpango wa kuzihamishia hesabu za Serikali katika mashine, uliowategemea mno wataalamu wa kigeni, ulivunjika kwa hasara, na mwaka 1974 ikatolewa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini. Amri hiyo ilikuja kulegezwa, lakini sababu yake haifai kusahauliwa: mashine ilikuwapo, na watu wetu wa kuimiliki kwa elimu hawakutosha.

Leo udhuru wa fedha hauna nguvu tena. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, hutolewa bure. Lugha ya Python ni bure, na kompaila za GNU ni bure. Kila mtu anaruhusiwa kisheria kuzinakili, kuzifungua na kuzisoma ndani. Ni aibu basi kuona vijana wakipokezana kwa flashi nakala za wizi zilizojaa virusi, ilhali kilicho halali hakina bei.

Taabu yetu ya kweli ni umeme na mtandao. Unguja hupata umeme wake kwa waya wa baharini kutoka bara, na wakazi wake hawajasahau giza la mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Kwa hiyo kompyuta ya kazi hii iwe na betri, na fedha zitumike katika kumbukumbu ya kutosha, kama gigabaiti 16, kabla ya kioo kipana cha kupendezesha meza. Ama mtandao, kijana anayepakua vifaa vyote kwa bando lake mwenyewe humaliza posho kabla hajaandika mstari mmoja. Dawa yake ni kila chuo kuweka kompyuta moja kuwa ghala, yenye nakala ya programu za Debian pamoja na vitabu vyake vya maelezo; nyingine zote zichote humo kwa waya wa ndani. Diski moja kubwa inatosha. Vilevile upo mtambo wa Git, uliotungwa mwaka 2005, ambao humwezesha kila mfanyakazi kuwa na historia nzima ya kazi katika mashine yake. Kijana wa Wete anaweza kufanya kazi siku tatu bila mtandao, na ukirudi akaunganisha kazi yake na ya mwenziwe wa Mjini pasipo kumfutia.

Yabaki suala la ufunguo, nalo ndilo zito. Wakubwa wa ofisi huogopa kwamba kijana akiruhusiwa kuingiza programu ataharibu. Hofu hiyo ina haki katika mashine zenye siri za wananchi, na hizo ziendelee kufungwa. Mashine ya kutengenezea programu iwe mbali nazo, isiwekwe jina wala ugonjwa wa mtu yeyote. Majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni. Hapo ikiharibika, huundwa upya kwa saa chache, ikiwa hatua za kuiunda zimeandikwa na nakala ya akiba ya kazi iko pengine. Chuoni mtoto hupewa ubao wake, akaandika, akakosea, akaufuta, akaandika tena. Sijapata kumwona mwalimu wa Kurani aliyeufungia ubao kwa kuogopa wino.

Basi maofisa wanaotayarisha hati za ununuzi wa mwaka ujao waandike humo, kwa maneno yasiyo na utata, ni mashine ngapi za makarani na ngapi za watengenezaji wa programu. Na katika hizo za pili, nywila ya msimamizi akabidhiwe mwenye kuzifanyia kazi, siku ileile maboksi yanapofunguliwa.