Tukimtuma Vitani, Tumrudishe

Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, jirani yangu hapa Tukuyu alipanda kilima kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, simu kaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mwanawe alikuwa huko na jeshi letu, katika kikosi cha SADC. Anapiga, haipatikani. Anateremka, anachochea moto, anakaa kimya. Kesho tena.

Mwanzoni mwa Februari jeshi letu, JWTZ, likatangaza: wawili wamefariki, wanne wamejeruhiwa. Waliobaki walikaa kambini wamezungukwa na waasi, hadi mwishoni mwa Aprili vikosi vya SADC vilipoanza kuondolewa kupitia Rwanda. Afrika Kusini ilipoteza askari 14, na wabunge wake waliibana serikali hadharani. Sisi tulinong'ona vijiweni. Ni aibu!

Msimamo wangu ni huu: askari wetu akitekwa, serikali ikae mezani na yeyote anayemshikilia, ibadilishane wafungwa, imrudishe. Kumvalisha kijana gwanda ni kumwekea mzazi wake dhamana.

Wapo wanaosema kubadilishana wafungwa ni kulea utekaji. Hoja yao ni nzito, siibezi. Oktoba 2011 Israel ilikubali kuwaachia wafungwa 1,027 ili impate askari mmoja, Gilad Shalit. Miongoni mwa walioachiwa alikuwamo Yahya Sinwar, ambaye ndiye aliyeiongoza Hamas huko Gaza siku ya shambulio la Oktoba 7, 2023. Siku hiyo waliuawa vijana wetu wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo, Clemence Mtenga na Joshua Mollel. Hasara hiyo ni yetu pia.

Lakini msiishie hapo. Mwili wa Joshua, uliokuwa umeshikiliwa Gaza, ulirudi Novemba 2025, baada ya zaidi ya miaka miwili. Haukurudishwa kwa bunduki. Ulirudi kwa makubaliano ya kusitisha vita na kubadilishana mateka na wafungwa. Kwetu Rungwe kaburi huwa nyumbani, ubavuni mwa migomba, mama akitoka asubuhi analiona. Nani atamwendea mzazi amwambie mwanao tumemwacha huko ili adui asipate kichwa?

Hatari ipo, basi tubishanie masharti. Aliyepatikana na hatia ya kubaka au kuchinja raia asiwekwe kwenye mizani hata kidogo. Majeruhi na wagonjwa watangulie. Msalaba Mwekundu usimame katikati. Hata serikali ya Kongo huko Kinshasa, iliyoapa kutozungumza na M23, Septemba 14, 2025 ilitia saini nao huko Doha utaratibu wa kubadilishana wafungwa, Msalaba Mwekundu ukiwa kiungo kati yao. Imechelewa, lakini imefika. Na sisi tuliwahi kuwashika askari wa Libya waliokuja kumpigania Idi Amin mwaka 1979. Baadaye tukawaachia, na nchi haikudhalilika.

Kinachoniunguza ni kwamba mjadala huu tunausubiri mpaka kijana awe tayari mikononi mwa watu, wakati hasira na hofu ndizo zinazoamua.

Waheshimiwa wabunge wa Rungwe na Busokelo, kabla kikosi kingine hakijavuka mpaka, simameni muulize: mmoja wao akitekwa, nani atazungumza kwa niaba yake, tuko tayari kutoa nini, na nani atampigia simu mama yake usiku huo huo? Jibu litolewe bungeni, tulisikie sote.