Levo ya 92 ni nusu tu ya safari!

Leo niacheni nilalamike kidogo. Niko Kapedo wiki ya pili sasa, na jioni joto likipungua nakaa nje na simu nikicheza Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni iliyoanza 2013 na kuingia kwenye simu 2018.

Kero yangu ni hesabu yake. Kufika levo ya 99 katika kukata miti, unahitaji pointi 13,034,431. Ukiwa levo ya 92 unazo 6,517,253, yaani nusu tu! Levo saba za mwisho zinadai pointi sawa na zote zilizotangulia. Aina ya mti hubadilika, kazi haibadiliki: gusa mti, ngoja, gusa tena.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Jambo linalojirudia hivyo naliandikia mistari michache, kompyuta ihangaike nalo. Basi tusishangae wachezaji wakitumia roboti, ingawa ni marufuku. Gemu ikikufanya utamani mashine ikuchezee, muundo wake una kasoro.

Mtasema uvumilivu ndio utamu wenyewe. Sawa, lakini huku simu inachajiwa kwa sola na bando linanunuliwa. Ugumu uongezwe kwa mafumbo na maadui wajanja, si kwa masaa.

Juzi mtandao ulipokatika nilitembea hadi kwenye maporomoko ya maji moto. Nilirudi bila pointi hata moja, na sikujuta.

Nyie mnaonaje?