Aliyezima moto wa ngitili naye aandikwe

Mwano ukipigwa katika vijiji vya Wasukuma, kila mwenye nguvu hutoka. Awe shambani, mezani au kilabuni, huacha alichoshika na kukimbilia sauti inakotokea. Asiyetoka bila sababu hutozwa mchenya, na jina lake husomwa mbele ya wenzake. Desturi hiyo ndiyo iliyowapa sungusungu nguvu ya kuwakabili wezi wa ng'ombe tangu walipoanza wilayani Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, hadi Serikali ikawatambua kisheria mwaka 1989. Mwano huo huo ndio unaopigwa ngitili inapowaka moto.

Hapo ndipo penye jambo la kushangaza. Asiyekwenda kuzima moto anaandikwa. Aliyekwenda, akarudi saa tano za usiku macho mekundu na miguu imebabuka, haandikwi popote. Akiungua ni shauri la familia yake. Viatu vikiyeyuka atanunua vingine mnadani kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka ujao mwano ukipigwa anatakiwa atoke tena, kwani asipotoka anao mchenya wake.

Wapo watakaosema kuwa kuzima moto ni wajibu wa kila mwanakijiji na hakuhitaji shukrani. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kinachookolewa kingekuwa majani matupu. Lakini mkulima wa Shinyanga anajua ngitili ni nini. Ni ghala la malisho ya kiangazi, hasa kuanzia Agosti hadi mvua za vuli. Ni kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali na uyoga. Anayekodisha ngitili yake kwa wenye ng'ombe hupata ada ya mtoto ya shule. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la IUCN, ukachapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa faida ya ngitili ilifikia dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50.

Mali hiyo haikuota yenyewe. Enzi za ukoloni pori kubwa la Shinyanga lilifyekwa ili kuua mbung'o. Baadaye pamba, mifugo na mkaa vikamalizia kilichobaki, hadi mkoa ukaanza kufananishwa na jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulijumuisha pia wilaya ambazo leo zimo Simiyu. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kazi iliyochukua miaka 20 kujengwa huweza kuliwa na moto kwa mchana mmoja, na moto huo mara nyingi huwa umewashwa na mtu mmoja tu: mwenye kuandaa shamba, mrina asali aliyeacha kienge kikiwaka, mchoma mkaa aliyelala, au mfugaji anayetaka majani mapya yachipue haraka.

Sasa tazama moto wenyewe unavyozimwa. Ni Septemba, saa nane mchana, upepo umekaza na nyasi zimekauka hadi zinavunjika ukizigusa. Mwano unapigwa kijiji cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Wanaume wanafika na matawi mabichi, mapanga na majembe. Wanawake wanakuja na ndoo za maji. Kila kijiji kimekuja na kamanda wake wa sungusungu na mtendaji wake. Wa kijiji cha kwanza wanaupiga moto ubavuni wakitokea kwenye majivu, jambo ambalo ni sahihi, kwa sababu aliyesimama palipokwisha kuungua ana pa kukimbilia. Wa kijiji cha pili wamekwenda kusimama mbele ya moto, mahali pa hatari kuliko pote. Wa kijiji cha tatu, wakiwa mbali na bila kujua wenzao wako wapi, wanaamua kuwasha moto wa kukinga ili ule mkubwa ukifika usikute cha kula.

Mbinu zote tatu zinajulikana na kila moja ina mahali pake. Zikitumika pamoja bila mtu mmoja wa kuzipanga, wa kijiji cha pili wanajikuta katikati ya mioto miwili. Wanaume hao hawakosi ushujaa. Wanachokosa ni mtu anayesikilizwa na vijiji vyote vitatu.

Kuna pia kazi inayosahaulika mno, nayo ni ya usiku. Moto ukilala watu hushangilia na kwenda zao. Lakini kisiki hufukuta chini kwa chini kwa siku kadhaa, na kinyesi kikavu cha ng'ombe hutunza kaa kama jiko. Upepo wa kesho yake saa sita ukivuma, ngitili iliyozimwa jana inawaka upya. Lazima wabaki watu watano au kumi wa kukesha, kuchimba visiki na kumwaga mchanga. Nani anabaki? Kwa kawaida ni vijana wale wale wa kila mwaka, na hata uji wa kuwapelekea huwa haujapangiwa mtu.

Kwa upande wa sheria mambo yapo, ila yametawanyika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo inayosimamia uchomaji wa mapori. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na namba yake ni 114, lakini gari la zimamoto haliwezi kupita katikati ya migunga na mashimo ya mhanga kuifikia ngitili iliyo mbali na barabara. Misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ngitili ni ya kijiji, ya kikundi au ya mtu binafsi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Moto hausomi ramani ya mipaka hiyo. Ukitoka ngitili ya kijiji ukaingia msitu wa Serikali, mwenye mamlaka anabadilika wakati wanaouzima ni wale wale.

Tatizo hili si la Usukuma peke yake. Mwaka 1970 jimbo la California huko Marekani liliungua kwa karibu wiki mbili, watu 16 wakafa na mamia ya nyumba zikateketea. Magari yalikuwepo, ndege zilikuwepo na wazima moto walikuwa maelfu. Uchunguzi ulionyesha kuwa idara mbalimbali zilikuwa na redio zisizosikilizana, zikaita kitu kimoja kwa majina tofauti, na kila moja ilipokea amri kwa mkubwa wake. Kutokana na maafa hayo ukabuniwa utaratibu ambao sasa unatumika katika nchi nyingi: moto mmoja, kiongozi mmoja, bila kujali nani ni wa idara gani. Utaratibu huo hauhitaji ndege. Wazee wa Kisukuma wakiusikia watauona ni wa kawaida, kwani dagashida imekuwa ikikutanisha vijiji vingi chini ya sauti moja kwa miaka mingi.

Ukivuka kuingia Geita hali inazidi kuwa ngumu kwa sababu ya dhahabu. Sehemu kubwa ya eneo la leseni ya mgodi mkubwa wa Geita imo ndani ya msitu wa hifadhi. Pembeni yake wapo wachimbaji wadogo wanaohitaji matimba ya kushikilia maduara yao, wapo wachoma mkaa wanaolisha miji inayokua haraka, na wapo wakulima. Kahama nayo ina habari inayofanana tangu migodi ilipofunguliwa huko. Watu wengi katika maeneo hayo ni wageni waliofuata mali. Hawajui mwano wala dagashida, na moto ukizuka kila mtu huokoa karo yake.

Hata hivyo ukanda huo una kitu ambacho kijiji cha Kishapu hakina. Migodi mikubwa ina vikosi vyake vya dharura vilivyofunzwa, ina magari ya maji na redio. Halmashauri zinakusanya ushuru wa huduma kutokana na mauzo, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 migodi inapaswa kupeleka kwa halmashauri mpango wa kila mwaka wa kuchangia jamii. Madarasa na zahanati vimejengwa kwa mipango hiyo, jambo jema. Lakini ni diwani gani amewahi kusimama akaomba buti 200, pampu za mgongoni na siku tatu za mafunzo kwa vijana wa kata yake? Vitu hivyo ni vidogo mno kwa bajeti ya mgodi, na pengine ndiyo sababu havina wa kuvikatia utepe.

Kuhusu kutambuliwa, hata mataifa makubwa yamechelewa. Wazima moto wa misitu wa serikali kuu ya Marekani waliandikwa kazini kwa miongo mingi kama mafundi wa misitu tu. Ni mwaka 2022 ndipo serikali yao ilipowaundia kada yenye jina la kazi wanayoifanya. Afrika Kusini ilianza mapema zaidi. Tangu mwaka 2003 ina mpango wa kuajiri vijana wasio na kazi kutoka familia maskini, kuwafunza na kuwalipa kuzuia na kuzima moto. Hapa nchini, moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020 uliunguza karibu kilomita za mraba 95, na mamia ya wanavijiji, wanafunzi na askari walipanda kuuzima. Walipigiwa makofi kwa sababu mlima ule unaonekana duniani kote. Ngitili haina mtalii wa kuipiga picha.

Je, walipwe? Hapa inafaa kwenda polepole. Kijiji kikitangaza malipo kwa kila moto unaozimwa, atatokea wa kuuwasha ili azime. Fedha za namna hiyo zinaweza kuwa kiberiti. Malipo yafungwe kwenye msimu. Kikosi cha watu 20 kiandikwe kabla ya Juni, kisafishe barabara za moto, kisimamie uchomaji wa mapema wakati nyasi zina ubichi, na mwisho wa msimu kipewe haki yake kulingana na eneo lililosalimika. Ngitili ikipona nzima, kikosi kinapata zaidi. Haki hiyo si lazima iwe noti. Inaweza kuwa siku za kwanza za kukata nyasi, nafasi ya kutundika mizinga, au sehemu ya faini ya aliyewasha moto, ambayo kwa sasa huingia kwenye mfuko usiojulikana una nini.

La matibabu halisubiri msimu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhusu mwajiriwa, na mwanakijiji aliyeungua akiokoa malisho ya wenzake hana mwajiri. Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kijiji chenye ngitili ya pamoja kikikodisha malisho kinaweza kukata humo mchango wa bima wa watu wake 20. Wenye ng'ombe wakubwa, ambao hasara yao huwa kubwa zaidi moto ukipita, wasione uzito kuongezea.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kukaa kila miezi mitatu. Unaokaa kabla ya nyasi kukauka uwe na ajenda hii: kumchagua kiongozi wa moto, kukubaliana na vijiji vinavyopakana nani ataongoza moto ukivuka mpaka, na kufungua daftari. Ukurasa mmoja uwe wa wasioitikia mwano, kama zamani. Unaofuata uwe wa walioitikia, tarehe waliyotoka, saa waliyorudi na nani alibaki kukesha.